Ujiji, mji tulioupita bila kuuona

Zamu ya kuandika imeniangukia mimi. Wenzangu waliotangulia wameandika juu ya vita, juu ya safari, juu ya maisha ya kambini, na wameandika vizuri. Mimi nataka kuwapeleka kwenye mji mdogo ambao karibu sisi wote tulipita karibu yake na hatukuuona: Ujiji. Najua kuna mtu ameshaanza kusema, "Aa, Ujiji, ni ile hadithi ya Livingstone." Ngoja kwanza.

Nianze na namna nilivyofika. Mimi ni volontia upande wa afya. Mwezi wa tatu kuna mama mmoja wa zoni yetu alipewa rufaa kwenda Kigoma, na yeye anaongea Kibembe tu, Kiswahili chake ni kidogo. Nikawekwa kwenye gari kama mkalimani. Kutoka Nyarugusu mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 100, na kwa mtu aliyezaliwa kambini kama mimi ile ni safari ya ng'ambo kabisa. Tulipofika alilazwa, na kesho yake daktari akaniambia sitahitajika hadi jioni. Nikatoa kibali changu mfukoni nikakisoma mara mbili. Kilikuwa kimeandikwa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Ujiji imo! Nikatembea mpaka Mwanga, nikapanda daladala.

Konda alinishusha mahali ambapo sikujua kama ndiyo katikati ya mji au bado tuko njiani. Nikamuuliza, akacheka: "Ndiyo Ujiji yenyewe hii." Barabara moja ya lami, na pembeni vichochoro vya mchanga. Nyumba ndefu za matofali ya udongo, mabati yameshika kutu, na mbele ya karibu kila nyumba kuna baraza, na kwenye baraza kuna watu. Mzee mwenye kofia anashona wavu. Kina mama wawili wanachambua mchele kwenye ungo mmoja, wanaongea polepole kama watu wenye siku nzima. Na miembe, jamani, miembe kila upande, mikubwa sana, kivuli chake kinafunika nyumba mbili tatu kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa anakimbia. Sisi tumezoea foleni ya maji, foleni ya mgao, kipaza sauti kinachoita majina tangu asubuhi. Pale nilisikia jogoo, nikasikia adhana, na kwa mbali nyundo inagonga mbao upande wa ziwa. Basi.

Nilianza kuhesabu watu walionisalimia bila kunijua. Nilipofika kumi na nne nikaacha. Mzee mmoja alipokea shikamoo yangu, akaniuliza, "Mwenyeji wa wapi, mwanangu?" Mnajua ninyi wenyewe hilo swali likiulizwa kwetu huwa kuna mtu na karatasi na kalamu mkononi. Huyu hakuwa na kalamu. Hata hivyo nilisita. Nikasema, "Natoka Kasulu." Siyo uongo, lakini siyo kweli yote. Hilo jibu langu lilinisumbua siku nzima, nitalirudia.

Nilikwenda kwanza kwenye makumbusho, maana ndiko kila mgeni anakoelekezwa. Mlangoni kuna bei ya Mtanzania na bei ya mgeni. Yule kijana wa tiketi aliangalia kibali changu, akakigeuza, akaniangalia mimi. Akasema, "Kongo si imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki?" Nikasema ndiyo, tangu 2022. "Basi pita na bei ya kwetu." Ndani kuna sanamu za wazungu wawili wanaamkiana, wamevua kofia. Nje kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba, na miembe miwili. Mwembe wa kwanza, ule ambao watu husema walikutana chini yake, ulishakufa zamani, na hii miwili inasemekana ni uzao wake.

Hadithi ya pale wengi mmeisoma shuleni. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta David Livingstone, ambaye Ulaya walidhani amekufa. Novemba mwaka huo huo akaingia Ujiji na bendera ya Marekani mbele. Lakini kuna vitu ambavyo hadithi ya shule inavipita haraka. Wa kwanza kukimbia kumpokea Stanley alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, Mwafrika. Huyo Susi na mwenzake Chuma ndio waliokuwa kwenye msafara uliobeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo baada ya kufa kwake 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kitu cha pili: Livingstone alikuwa ametoka wapi siku zile? Alikuwa ametoka kwetu. Alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, nchi ya Manyema, na tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakipiga risasi katikati ya soko. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, na wengi walizama mtoni wakikimbia. Akarudi Ujiji amevunjika moyo na mgonjwa, akakuta mali yake aliyotumiwa kutoka pwani imeshauzwa na mtu aliyepewa kuitunza. Kwa hiyo ile salamu maarufu chini ya mwembe, mmoja wa wale wawili alikuwa mtu aliyetoka kuona mauaji Kongo. Kwa namna fulani alikuwa mtu wa ng'ambo aliyefika hana kitu. Mimi hilo sikuwahi kufundishwa.

Halafu wale wawili wakachukua mtumbwi wakaenda mpaka mwisho wa ziwa upande wa kaskazini kuangalia mto Ruzizi. Watu wa Uvira mnaujua. Swali la wakati ule lilikuwa: Ruzizi inaingiza maji ziwani au inayatoa? Kama ingeyatoa, labda ndiyo ingekuwa njia ya kwenda kwenye mto Nile. Wakakuta inaingiza. Bibi yangu angewaambia hilo bila kupanda mtumbwi!

Lakini Ujiji haikuanza na hao. Jina lenyewe ni la Wajiji, ambao ni Waha wa kando ya ziwa. Walikuwa na soko lao tangu zamani, na soko hilo ndilo ninalopenda zaidi katika historia yote hii. Chumvi ilitoka Uvinza, ambako maji ya chemchemi yana chumvi na watu waliyachemsha. Mawese yalitoka kwenye michikichi ya huku huku. Samaki wa ziwani, wabichi na wakavu. Nafaka, mbuzi, majembe. Fedha yao ilikuwa shanga, na haikuwa shanga yoyote tu. Kila aina ilikuwa na thamani yake, na ukija na aina isiyotakiwa sokoni unaweza kulala njaa na mzigo wako mzima begani. Wenzetu wanaogawa fedha taslimu badala ya chakula wangejifunza kitu pale. Na mimi naye niliyewahi kwenda sokoni na noti iliyochanika nililielewa jambo hilo mara moja.

Waarabu na Waswahili wa pwani walianza kufika kwenye miaka ya 1830 na 1840. Njia yao ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka ziwani, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858, Burton hawezi hata kutembea vizuri na Speke macho yanamuuma karibu haoni, walitegemea kukuta mji mkubwa wa bandari. Wakakuta vibanda vimetawanyika. Burton alikata tamaa akaandika hivyo. Huyo ndiye mtu wa kwanza ninayemjua aliyeidharau Ujiji kwa maandishi, na tangu hapo wamemfuata wengi. Kumbe alikuwa anaangalia nyumba, hakuangalia mitumbwi.

Maana kazi ya Ujiji ilikuwa kuvusha. Pembe za ndovu zilikuwa nyingi Manyema, upande wa pili. Msafara ukifika Ujiji unapumzika, unakodi mitumbwi na wapiga kasia, unavuka hadi Mtowa karibu na Kalemie ya leo, kisha unatembea tena mpaka Kasongo na Nyangwe. Na kurudi ni hivyo hivyo, ila wakati wa kurudi mitumbwi ilikuwa na pembe, na ilikuwa na watu. Tippu Tip alitumia njia hizo. Pale Ujiji mkubwa alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa pwani aliyekaa ziwani miaka mingi. Baadaye akaja Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, na watu wa mwambao wa Uvira na Fizi waliujua ukali wake. Huyo alijaribu na Burundi pia. Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Ndugu zangu Warundi mnaosoma, hiyo ni yenu, chukueni.

Nimeandika haya yote juu ya utumwa kwa sababu mtu akikwambia Ujiji ni mji mtulivu na mzuri, ni kweli, lakini utulivu wake umekalia kitu. Ile njia ya msafara ilipita pale pale kwenye miembe. Watu husema miembe yenyewe iliota kwa kokwa walizotupa wapagazi na mateka njiani. Sijui mtu anawezaje kula embe la pale bila kuliwaza hilo, lakini nilikula mawili, na yalikuwa matamu.

Sasa, kwa nini mji ulilala? Sababu ni mbili, na zote mbili ni za maji. Ya kwanza ni ziwa lenyewe. Zamani maji yalikuwa juu zaidi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, karibu na Kalemie. Mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na magugu, maji yakapanda mpaka kwenye miaka ya 1870 yalipousukuma ukafunguka. Ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka michache. Ndiyo maana ukisimama leo kwenye ule mnara unajiuliza: huyu mtu alikaaje kando ya ziwa hapa, na ziwa liko kule chini? Ziwa liliondoka. Mji ulibaki pale pale, ufuko ukasogea mbali.

Sababu ya pili ni reli. Wajerumani walitaka bandari yenye kina kwa ajili ya meli kubwa, na ufuko wa Ujiji ni wa maji mafupi. Kilomita chache kaskazini kulikuwa na ghuba nzuri yenye kina, Kigoma. Treni kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914, baada ya kama kilomita 1,250 za reli. Siku hiyo Ujiji ilipoteza kazi. Meli kubwa ililetwa vipande vipande kwa treni hiyo hiyo, ikaunganishwa Kigoma ikaelea 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe walipoona Wabelgiji wanakuja, na Waingereza wakaja kuiibua baadaye na kuiita Liemba. Liemba tunaijua sote. Wazazi wa baadhi yenu ilishawarudisha nyumbani Kongo, na Mei 2015 ndiyo ile iliyokuwa inawatoa Warundi Kagunga kuwaleta Kigoma.

Na waliofika 1916 kuichukua Kigoma na Ujiji kutoka kwa Wajerumani, je, mnajua askari wao walikuwa nani? Wakongomani. Maofisa Wabelgiji, askari Wakongomani wa Force Publique. Wakakaa mpaka 1921. Kwa hiyo kuna miaka mitano ambapo bendera ya Ubelgiji ilipepea pande zote mbili za ziwa.

Hapo ndipo nilianza kufikiri tofauti. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba watu wa kwetu walianza kuvuka ziwa hili mwaka 1996, usiku, kwenye mitumbwi iliyojaa, kama bibi anavyosimulia. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka huo, na kwetu sisi kila hesabu inaanzia hapo. Kumbe watu wa kwetu wamekuwa wanavuka kwa zaidi ya miaka 150. Wako pale, wamekaa kwenye baraza. Wanaitwa Wamanyema.

Jina hilo ni la nchi, si la kabila moja. Ndani yake wamo Wakusu, Wabangubangu, Wagoma, Wabwari, na Wabembe pia. Wengine walivushwa kama mateka. Wengine walikuja kama wapagazi wa msafara, wengine wake wa wafanyabiashara, wengine askari, wengine walijileta wenyewe kutafuta maisha. Walifika Ujiji wakiwa na majina mengi, mji ukawapa jina moja. Wakawa Waislamu, wakajifunza Kiswahili, wakajenga. Kufika wakati wa Wajerumani walikuwa sehemu kubwa ya watu wa mji. Serikali ya Kiingereza ilipofuta utumwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 (ndiyo, 1922, si zamani hivyo), wengi wao walikuwa wameshakuwa ndio Ujiji yenyewe. Wengine walikwenda Tabora na Dar es Salaam wakaanzisha mitaa na vyama vyao huko.

Na Kiswahili? Hiki tunachochekwa nacho? Kila kijana wa kambini aliyewahi kwenda soko la nje anajua kile kicheko. Unasema "niko nakuja", mtu anaanza kutabasamu. Lakini Kiswahili chetu cha Kongo hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilivuka na misafara, na Ujiji ilikuwa moja ya milango yake mikubwa. Waungwana, ndivyo walivyojiita watu wa misafara, na ndiyo sababu Kiswahili cha huko kwetu kiliitwa Kingwana. Kilipita pale kwenda, kikaa huko, kikachanganyika na lugha zetu, halafu mwaka 1996 kikarudi na sisi kwenye mtumbwi. Kama mtu wa Ujiji ananicheka lafudhi, anacheka mjukuu wa maneno yake mwenyewe. Nilimwambia hivyo rafiki yangu anayefundisha Kiswahili kwenye shule yetu. Akasema, "Sawa, lakini kwenye mtihani usiandike niko nakuja."

Saa nane hivi nikashuka ufukoni. Ndiko nyundo ilikokuwa inagonga. Pale bado wanatengeneza boti za mbao kwa mkono. Ubao unakunjwa taratibu, unapigwa misumari, mianya inazibwa kwa pamba na mafuta. Hawafanyi haraka. Fundi mmoja alinitazama nikiwa nimesimama muda mrefu, akaniambia, "Shika hapa," nikashika ubao mpaka akamaliza kupiga. Hakuniuliza jina.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, anga limeoshwa. Wakati wa kiangazi moshi na vumbi vinaziba kila kitu, lakini siku ile niliinua macho kutoka kwenye ule ubao, na ng'ambo ya maji nikaona milima. Ya bluu, mirefu, imekaa kimya. Nikamuuliza fundi, "Ile ni nini?" Akanishangaa. "Si Kongo ile?"

Ndugu zangu, nina miaka zaidi ya ishirini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeiona Kongo.

Sitawaambia nililia au sikulia. Nilikaa kwenye mchanga. Kulikuwa na mama mmoja karibu anaanika dagaa, amefunga kitenge, mtu mzima sawa na mama yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?" Safari hii nikasema kweli. Nikasema mimi ni mkimbizi wa Nyarugusu, wazazi wangu ni wa Fizi. Nilingojea ule ukimya ninaoujua. Yeye akaendelea kutandaza dagaa, akasema: "Hata sisi ni wa huko. Bibi ya bibi yangu aliletwa kutoka Manyema, akiwa mtoto." Nikamuuliza kama anajua kijiji. "Hatujui. Hakutuambia."

Neno lake lilinikaa: aliletwa. Bibi yangu mimi husema "tulikimbia". Na kuna wajomba zangu waliovuka zamani kufanya biashara ya samaki, wao husema "tulikuja". Ziwa ni lile lile.

Nilipowasimulia wenzangu kambini, kulikuwa na ubishi mkubwa. Mmoja alisema: unaona, hata sisi ipo siku tutakuwa wenyeji, kama Wamanyema. Mwingine akamkatalia vikali. Alisema wale waliletwa kwa nguvu, hakuna aliyewauliza karatasi kwa sababu walihesabiwa kama mali, na leo ukimlinganisha mkimbizi na mateka unamkosea heshima mateka na unamdanganya mkimbizi. Akaongeza kwamba Warundi wa 1972 zaidi ya 160,000 walipewa uraia kwa uamuzi wa serikali, kwa sheria, si kwa kukaa tu kwenye baraza. Mimi naona huyu wa pili ana haki zaidi. Mwembe haukupi uraia. Bibi yangu naye hataki kuwa mwenyeji wa mahali pengine popote, yeye anataka shamba lake la muhogo kule Fizi, na ana haki.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna kati ya hao wawili alichokisema. Kwa miaka yote nimefikiri kwamba upande huu wa ziwa sisi hatuna hata kaburi la zamani, yaani tulikuja juu ya ardhi tupu ya historia ya watu wengine, kama turubai lililotandikwa jana. Si hivyo. Kuna mji mzima ambao mikono ya watu wa kwetu iliujenga, iliubebea pembe, iliuvulia samaki, ikauzikia watoto. Na kwenye ule mnara wa mawe hakuna jina hata moja la hao watu. Kuna majina ya wageni wawili waliokaa pamoja pale wiki chache. Kama kuna mtu wa mashirika anasoma hapa na ana njia ya kuwaleta vijana wa kambini siku moja Ujiji, kwa kibali, kwa basi, na chapati mbili kila mmoja, mimi nitakuwa mtembezaji bila posho. Sitaanzia kwenye sanamu. Nitaanzia ufukoni.

Yule mama hakukubali niondoke mikono mitupu. Alinifungia migebuka mitatu mikavu kwenye gazeti. Akasema, "Mpelekee bibi yako, mwambie ni wa kwao." Nilipanda daladala, nikarudi hospitali nikinuka samaki, muuguzi akanitazama vibaya. Mama yangu mgonjwa, yule wa rufaa, alinusa akiwa kitandani akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, akasema kitu kwa Kibembe ambacho sitakitafsiri hapa.

Siku tatu baadaye tulirudi kambini. Bibi aliwapika wale migebuka kwa mawese na pilipili. Nilimweleza yote, Nyangwe, reli, Wamanyema, milima niliyoiona. Alisikiliza anatoa miiba. Nilipomaliza akaniuliza mawese ya Ujiji sasa hivi ni shilingi ngapi kwa chupa. Sikuwa nimeuliza.